Bomba la Stamena

Mzee Radisav aligawa mtambo wake wa kupikia rakia, ile pombe kali ya plamu, akiwa kitandani, siku ile padri alipokuja kumpaka mafuta na kumwambia kwamba mtu mwema huondoka duniani akiwa amewatendea wanawe wote sawa. Radisav hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Maisha yake yote alikuwa amewatendea wanawe vibaya, na wote kwa kiwango kimoja, akadhani hiyo inatosha. Lakini padri alikuwa amemkazia macho, basi mzee akaita watoto wake watatu wasogee.

"Obren," akamwambia mkubwa, "sufuria ni lako."

Lilikuwa sufuria la shaba ambalo mtu mzima angeweza kulala ndani yake akajikunja, na Obren aliwahi kulala humo, lakini hiyo ni habari ya harusi nyingine.

"Vitomir, wewe kofia." Kofia ni kile kidude cha shaba kinachokaa juu ya sufuria kama kuba la kanisa na kuukusanya mvuke usitoroke.

Kisha akamtazama binti yake, kama mtu aliyetia mkono mfukoni akakuta kitu asichokumbuka alikiweka lini. "Na wewe, Stamena, chukua bomba." Bomba ni ule mrija wa shaba unaopita kwenye maji baridi na kuugeuza mvuke kuwa rakia.

Akafa kabla ya mtu yeyote kumuuliza maana yake nini. Kijijini Mala Brezna walibishana kwa miaka kama mzee alikuwa amefanya hivyo kwa hekima, kwa ukorofi au kwa homa. Stamena mwenyewe alishikilia kwamba baba yake alikuwa ameelewa neno "sawa" kama mchinjaji anavyolielewa.

Wakati huo Stamena alikuwa ametimiza miaka arobaini na kitu na hakuwa na haja ya kukificha hicho kitu. Alikuwa amerudi kutoka mjini Valjevo baada ya kiwanda cha soksi kufungwa, na baada ya kumwacha mume aliyefuga njiwa juu ya paa na kuzungumza nao kwa upole ambao hakuwahi kuuonyesha mezani. Mume naye alisema kwamba yeye ndiye aliyemwacha. Njiwa hawakuulizwa. Stamena aliingia katika kijumba cha bibi yake kilicho juu kabisa ya kijiji, karibu na kijito, akiwa na mbuzi mmoja, miti michache ya plamu, na sasa bomba.

Msimu wa kwanza bila mzee, plamu zilizaa mpaka matawi yakavunjika. Kila nyumba ilijaza mapipa, matunda yakaanza kuchacha, na kijiji kizima kikanuka kama kinywa cha mlevi anayetubu. Plamu zilizochacha hazisubiri mtu. Ukichelewa kuzipika unapata siki, na mbele yao ilikuwa inakuja sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, siku ambayo nusu ya wilaya huingia mlangoni bila kualikwa na kila mmoja hutazama mkono wako umeshika chupa gani.

Obren akawaita ndugu zake wawili jikoni kwake. Alikuwa mjane, mtu wa kifua kipana, aliyekata nyama iliyokaushwa kwa moshi kwa vipande vinene kwa ajili yake na vyembamba kwa ajili ya wageni.

"Tuongee kama watu wazima," alisema. Kwa Obren hayo yalimaanisha kwamba yeye ataongea. "Mtambo ni sufuria. Mengine ni mapambo. Nusu ya rakia yangu, nusu ya pili mgawane nyinyi wawili, mimi sijali mtagawana vipi."

"Mapambo?" Vitomir alidakia. Alikuwa mdogo wao, mwembamba, mtu wa kununa haraka na kusahau haraka. "Bila kofia, kaka, sufuria lako ni la kuogeshea nguruwe."

"Na bila sufuria, kofia yako ivae kichwani. Itakukaa vizuri, maana hapo ndani hakuna kitu cha kuibana."

"Mimi nataka theluthi," Stamena alisema.

Wote wawili wakageuka kumtazama, kama vile mbuzi ameomba chumvi.

"Theluthi ya nini?"

"Ya rakia, Obren. Si ya akili zenu, hiyo haigawanyiki."

"Dada yangu," Obren alisema kwa upole wa kuudhi, "mimi nina sufuria, yeye ana kofia. Wewe una bomba. Bomba ni utumbo tu."

"Basi jaribu kuishi bila utumbo, kaka. Ukifika wiki ya pili nitakuja kukuangalia."

Akainuka, akalibeba bomba lake begani kama askari anayerudi likizo, akapanda mlima. Nyuma yake akamsikia Vitomir akisema atarudi kabla ya kufika kanisani. Akapita kanisani bila kupunguza mwendo, ingawa bomba lilikuwa linamkata bega na alitamani sana mtu amwite.

Hakuna aliyemwita. Ndugu zake walikuwa wameshaelewana. Jambo la ajabu kuhusu wale wawili ni kwamba hawakuwahi kukubaliana juu ya kitu chochote isipokuwa dhidi ya mtu wa tatu, na hapo walikubaliana mara moja, nusu kwa nusu, wakapeana mikono. Bomba la nini? Vitomir alikuwa na mpira wa maji wa kumwagilia kabichi, mpya kabisa, mrefu kuliko haja.

Shaba miaka ile haikupatikana hata kwa dawa. Fundi aliyetengeneza mtambo wa mzee alikuwa amekufa, na nyaya za simu zenyewe zilikuwa zikiibwa mlingotini watu wakiwa katikati ya mazungumzo. Kwa hiyo mpira ukafungwa kwenye kofia, viungo vikazibwa kwa unga uliokandwa, moto ukawashwa, na padri akaitwa kubariki mkupuo wa kwanza.

Mpira ulilainika. Ukalegea ukaning'inia kama mdomo wa ng'ombe mzee, na kilichotoka upande wa pili kilikuwa cha manjano, kizito kidogo, chenye harufu ambayo kila mtu aliijua ila hakuna aliyetaka kuitaja. Padri, ambaye hakuwahi kukataa glasi tangu apewe daraja, aliinusa, akakumbuka kwamba ana mgonjwa. Obren na Vitomir wakanywa. Walikuwa watu wa heshima na majirani walikuwa wanatazama.

"Si mbaya," Vitomir alisema, machozi yakimtoka.

"Ina ladha ya barabara," alisema jirani mmoja aliyeonja ya kwenye kifuniko, akaenda kusukutua.

Stamena aliipata habari hiyo kabla ya jioni, na akacheka mpaka akalazimika kumshika mbuzi. Lakini alipomaliza kucheka, bomba lilikuwa bado limelala juu ya meza yake na plamu zake zilikuwa bado zinachacha. Bomba peke yake halipiki kitu. Aliligonga kwa kijiko, likalia, basi.

Ndipo alipovuka kijito kwenda kwa Krsmana.

Krsmana alikuwa mjane, mfupi, mwenye magoti yaliyojaa maji na ulimi uliojaa moto. Marehemu mumewe alimwachia mtambo mdogo: sufuria lililotiwa kiraka na kofia yake ndogo. Bomba lake mkwewe alikuwa ameliuza chuma chakavu. "Na mimi ningemuuza yeye," Krsmana alipenda kusema, "ila sijapata anayenunua kwa kilo."

"Nina bomba," Stamena alisema mlangoni.

"Naliona, shoga, limeingia kabla yako. Ingia na wewe."

Hawakuhitaji kujadiliana sana. Mmoja bila mwenzake alikuwa na vyuma tu. Wakasema nusu kwa nusu, wakala mkate na jibini, wakawasha moto. Rakia iliyotoka ilikuwa nyeupe kama maji ya kijito, na ilipofika kooni ilijikunjua taratibu. Stamena alikaa kwenye kigoda kando ya moto akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu kiwandani: kwamba yupo mahali ambapo akiondoka kazi inasimama.

Moshi wa kwao ukaonekana kijiji kizima, na mtu wa kwanza kuufuata alikuwa Vitomir. Hakupita langoni; alipita kwenye uzio, akachana suruali.

"Dada Stamena," alisema, na hakuwa amemwita dada tangu alipokuwa na surua. "Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba bomba ni muhimu. Obren ndiye mwenye kichwa kigumu. Tumwache. Mimi na wewe."

"Wewe na mimi na sufuria gani?"

Vitomir akaangalia sufuria la Krsmana. Lilikuwa dogo, kofia yake kubwa isingelikaa, na lilikuwa na kofia yake tayari. Akaona mwenyewe. Akaomba apewe angalau glasi, akapewa.

Obren alikuja kesho yake, langoni, amevaa kofia ya sikukuu. Sufuria la Krsmana, alisema, lisingemaliza kupika mapipa ya watu wote hata likikaa motoni mpaka majira ya kuchipua. Hilo lilikuwa kweli na Stamena alilijua. Wakitaka kuokoa plamu za ukoo kabla hazijawa siki, lazima sufuria kubwa lifanye kazi, na sufuria kubwa linahitaji kofia ya Vitomir na bomba la Stamena.

"Theluthi," Obren alisema, kama anayetema jino. "Umeshinda. Theluthi yako."

Stamena alikuwa ameingoja siku hiyo, pengine tangu utotoni, tangu alipokuwa akikaa mwisho wa meza akipewa shingo ya kuku. Akafuta mikono kwenye aproni polepole ili raha isiishe upesi.

"Nusu yangu," alisema. "Nusu ya pili mgawane nyinyi wawili. Mimi sijali mtagawana vipi."

Uso wa Obren ulipita rangi zote za plamu, kuanzia mbichi. "Huna haya!"

"Ninayo, ila niliiacha jikoni kwako."

Akaondoka akipiga lango. Na Stamena akajiona mrefu, akaimba siku nzima, akamfokea Krsmana kwamba anatia kuni nyingi, akamwonyesha jinsi ya kushika chombo alichokuwa akikishika kabla Stamena hajazaliwa. Krsmana alimtazama tu.

Siku chache zilipita. Stamena alikuwa nyuma ya ghala la Krsmana akipasua kuni aliposikia lango. Akachungulia. Obren amesimama uani, amenyoa ndevu, amevaa suti aliyomzikia mkewe, na mkononi kashika kuku aliyekwisha kunyonyolewa, kwa miguu, kama shada la maua.

"Bibi Krsmana," alisema. Kwa kawaida alimwita "we mama".

"Nani kafa?" Krsmana aliuliza.

"Hajafa mtu. Nimefikiri. Wewe uko peke yako. Mimi niko peke yangu."

"Umefikiri lini? Maana tuko hivyo kwa miaka, na kijito ni kile kile, na daraja lipo."

"Mwanaume huchelewa kuona."

"Na sufuria langu?"

"Sufuria gani?" Obren alijifanya kulitafuta kwa macho, ingawa lilikuwa linatoa moshi hatua chache mbele yake. "Ah, hilo. Tutalihamishia ghalani kwangu. Pale pakavu."

Nyuma ya ghala Stamena alishika shoka kwa nguvu. Aliielewa hesabu yote kwa pigo moja. Akimwoa Krsmana, masufuria yote mawili ya kijiji yatakuwa ya mtu mmoja, na Stamena atabaki na bomba lake akiligonga kwa kijiko. Jinsi alivyo mnyonge wa akili, huyu mtu, na bado ameliona hilo!

Krsmana naye aliliona. "Sawa," alisema. "Chagua. Mimi nije bila sufuria, au sufuria lije bila mimi."

Na hapo Obren akafikiri. Hapo ndipo alipoharibu. Alifikiri kwa muda ambao bata mmoja aliyekuwa ng'ambo ya ua aliweza kuvuka mpaka upande huu bila kuharakishwa.

"Nenda nyumbani, Obren," Krsmana alisema. "Kuku mwache, hana kosa."

Alipokwenda, Stamena akatoka huku akicheka, ameshika mbavu. Krsmana hakucheka. Alikuwa amemgeukia yule kuku, anamgeuza geuza.

"Usicheke, shoga. Alikuwa amenyoa."

"Alinyolea sufuria, mwenzangu!"

"Najua alinyolea nini. Nina vioo nyumbani, na magoti yangu nayaona." Akamweka kuku mezani. "Na wewe je? Kama sufuria lingekuwa la mtu mwingine hapa kijijini, ungevuka kijito kuja kunisalimu? Miaka mingapi umekaa pale juu, nakuona unaanika nguo?"

Stamena alikuwa na majibu ya kila mtu, alikuwa maarufu kwa hilo mpaka Valjevo. Akaishia kuokota kuni.

Usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi akampelekea habari kila mtu aje uani kwa Krsmana wapatane upya. Walikuja wote: Obren na sufuria kubwa juu ya mkokoteni, Vitomir na kofia yake kwapani. Pipa la Obren lilikuwa limeanza kunuka siki, hakuna aliyelitaja.

Ubishi ulianza kabla farasi hajafunguliwa. Nani muhimu zaidi? Kila mmoja alithibitisha kwamba ni yeye. Mwishowe Stamena akapiga bomba kwa kijiko.

"Tokeni nje wote! Nje ya lango! Tuingie mmoja mmoja, na kila anayeingia aseme ameleta nini."

Walimwona kichaa, lakini wakatoka. Obren akaingia wa kwanza akatua sufuria lake.

"Umeleta nini?" aliuliza Krsmana, aliyejifanya hakimu.

"Sufuria!"

"Kuna rakia?"

"Bado."

Akaingia Vitomir, akaweka kofia juu. "Kuna rakia?" Mvuke tu. Akaingia Stamena na bomba. Rakia! Akainua mikono kama mshindi wa mbio. "Mmeona? Mimi ndiye nimeleta yote!"

"Tena," Obren alisema, macho yamemng'aa. "Sasa mimi niingie wa mwisho."

Wakatoka. Bomba, kofia, kisha sufuria: na sasa rakia yote ilikuwa imeletwa na Obren. Wakarudia, Vitomir wa mwisho, na Vitomir akafanya mzunguko wa ua na kofia juu kama kikombe cha ubingwa. Kisha Krsmana akataka naye kuingia na kutoka, na ilibainika kwamba palipokuwa na yeye na bomba palikuwa na rakia hata ndugu wale wawili wakibaki barabarani. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye uzio. Farasi alikuwa amekula kabichi.

"Kwa hiyo kila anayeingia wa mwisho ndiye mfalme," Obren alisema akihema. "Hiyo inatusaidia nini?"

"Inatusaidia kunyamaza," Krsmana alisema.

Lakini Stamena, kutokana na mazoea tu, alikuwa bado na neno lake. Yeye, alisema, anahitajika kila njia, iwe na sufuria kubwa au dogo. Kwa hiyo nusu.

Ndipo Vitomir akakaa chini katikati ya ua, akaivaa ile kofia ya shaba kichwani mpaka masikioni. Sauti yake ikatoka ndani kama ya mtu aliyeko kisimani.

"Mimi naenda nyumbani. Nikibaki hapa nitapata kidogo cha kunidhihaki. Nikienda sipati kitu, lakini nitalala mchana. Plamu nitawapa nguruwe, na wao hawanitukani."

"Vua hiyo kofia, unajiaibisha," Obren alisema.

"Siivui. Ni yangu. Baba alinipa."

Watu wa uzioni walicheka. Stamena hakucheka. Alimwona mdogo wake alivyokunja magoti, vile vile alivyokuwa akikunja alipofukuzwa mchezoni, na akaona pia jambo baridi zaidi: kwamba kofia ile ikitoka langoni, sufuria kubwa ni la kuogeshea nguruwe kweli, na nusu yake yeye itakuwa nusu ya hewa. Mtu aliyebanwa mpaka hana cha kupoteza anaweza kusimama akaondoka na cha wote. Ndivyo yeye mwenyewe alivyofanya siku ile jikoni. Tena alikuwa amejisikia vizuri sana.

"Visima vitano," alisema. Alimaanisha vibuyu, lakini alikuwa amechanganyikiwa, na watu walimtania kwa hilo kwa miaka. "Katika kila vibuyu vitano, viwili vyangu, kimoja kimoja nyinyi watatu. Sufuria kubwa lipike mara ya kwanza, dogo la Krsmana lipike mara ya pili, itoke kali na safi. Kuni kila mtu alete."

"Kwa nini wewe viwili?" Obren aliuliza.

"Kwa sababu kila njia mnapita kwangu. Ningeweza kushikilia zaidi."

"Na kwa nini hushikilii?"

"Kwa sababu sitaki kila mwaka kumtoa huyu ndani ya kofia kwa siagi."

Sauti ikatoka ndani ya shaba: "Kimoja kinatosha. Lakini siagi leteni kweli."

Walimtoa kwa mafuta ya nguruwe, masikio mekundu kama pilipili. Walipika mfululizo, wakipokezana moto, na siku ya mtakatifu wa ukoo padri alikunywa glasi yake, akanyoosha mkono kwa ya pili, hakukumbuka mgonjwa yeyote.

Baada ya sikukuu Obren alivuka daraja tena. Safari hii hakunyoa wala hakuvaa suti. Alikuwa na mto wa kulalia kwapani.

"Nimemaliza kufikiri," alimwambia Krsmana.

"Na sufuria?"

"Libaki lilipo. Mimi ndiye nahama."

Harusi hawakufunga; Krsmana alisema suti ile imeshazika mtu mmoja, inatosha. Waliishi pamoja upande ule wa kijito, wakigombana kwa sauti ambayo Stamena aliisikia akianika nguo, na akawa anashuka kuamua, kwanza kwa wito, baadaye hata bila wito. Mapatano ya uani yalivunjwa karibu kila mwaka. Mwaka mmoja Obren alidai sufuria lake limechakaa kwa kutumikia wengine. Mwaka mwingine Vitomir alikwenda Austria kufanya kazi ya ujenzi akaifungia kofia kabatini na kuondoka na ufunguo, wakalazimika kumpigia simu na kumtukana kwa zamu. Lakini kila walipovunja walianza kubishana kutoka vile vibuyu vitano, hawakurudi tena kwenye nusu.

Obren alikufa kwa mapafu, majira ya baridi, akiwa amemwachia Krsmana sufuria kubwa. Katika chakula cha matanga watu walitazamana. Mjane huyu sasa ana masufuria yote mawili ya kijiji na kofia moja, na angeweza kudai lolote. Vitomir, mvi kichwani, alikuwa hagusi chakula.

"Nina dai," Krsmana alisema, akiweka uma chini.

"Sema, wifi," Stamena alijibu, na mkono wake chini ya meza ukakunja ngumi kwa mazoea.

"Nyumba yangu ni kubwa na asubuhi hakuna wa kumfokea. Nataka uhamie."

Stamena alisema hawezi, ana mbuzi. Krsmana akasema mbuzi ana akili kuliko yeye, aletwe. Stamena akasema Krsmana anakoroma, alikuwa anamsikia hata ng'ambo ya maji. Krsmana akasema huyo alikuwa marehemu. Walibishana mpaka wageni wakaanza kuvaa makoti, kitanda cha dirishani kiwe cha nani, jiko liwashwe saa ngapi, na Vitomir, ambaye hakuna aliyemuuliza, akajisogezea sahani ya sarma, nyama iliyofungwa kwenye majani ya kabichi, akaanza kula.